Mahali Pangu Katika Korteji

Chumba cha filamu kilikuwa nyuma ya kinyozi, karibu na soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi. Mchana kilikuwa na joto kali kwa sababu ya mabati na maturubai meusi yaliyoziba madirisha. Wasichana tulikaa mbele kwenye mabenchi mafupi, wavulana wakakaa nyuma, na watoto wakajibanza popote walipopata.

Filamu zilikuwa za Kiingereza, lakini sisi hatukuzisikia kwa Kiingereza. Kijana mmoja alikaa kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti, na kila mtu wa ndani ya filamu alipofungua mdomo, yeye alisema juu yake kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kile cha kusema njo badala ya ndiye. Tulimwita mtafsiri. Alikuwa amezoea filamu za vita na za karate, ambamo siku zote kuna akteri, yaani yule ambaye lazima ashinde, na kuna shefu-bandi, yule ambaye lazima apigwe mwishoni. Wasichana walipoomba filamu za shule za Amerika, alizileta, lakini hakubadilisha maneno yake.

"Musikilize sasa," alisema. "Huyu wa nywele ya manjano njo shefu-bandi ya masomo yote. Bale babinti babili nyuma yake ni balinzi yake. Huyu wa miwani, mwenye kukumbatia bitabu, njo akteri. Kwa leo banamuzarau. Mungoje tu."

Tulingoja. Nilizipenda filamu hizo kuliko zote, ingawa karibu zote zilikuwa kitu kimoja. Kuna msichana mmoja ambaye shule nzima inamtazama. Kuna mwingine ambaye hakuna anayemtazama, na anakula peke yake, sahani yake mbele yake, kwenye meza ambayo wengine wameikimbia. Kisha unatokea wivu, unatokea uongo, mtu anamwagiwa maji ya matunda nguoni, na mwishoni wote wanakutana kwenye ukumbi wenye taa, wasichana wakiwa wamevaa magauni marefu. Msichana wa miwani anaingia bila miwani. Muziki unanyamaza. Wote wanageuka.

Usiku ule wa magauni, mtafsiri hakujua unaitwaje. Aliuita ndoa ya masomo, maana kwetu masomo ni shule. "Leo njo siku ya ndoa ya masomo. Kila binti iko natafuta kavalie yake." Kwa muda mrefu niliamini kwamba shule za Amerika humaliza mwaka kwa kufunga ndoa, na sikuona ajabu, kwa sababu yale magauni, kule kuingia wawili wawili, na watu waliosimama pembeni wakitazama, vyote nilivijua. Kwetu ndiyo korteji.

Kwa asiyejua, korteji ni wale vijana wanaomtangulia bibi arusi ukumbini wakicheza, wasichana upande mmoja na wavulana upande mwingine, kila msichana na kavalie wake, yaani mvulana wa kucheza naye. Hujifunza hatua kwa wiki nyingi. Hushona kitambaa kimoja. Baada ya ndoa, video yao huzunguka katika simu za kambi nzima, na watu husema nani alicheza na nani aliharibu. Hapa kwetu msichana hatambuliwi kwa kiti cha kantini, kwa kuwa hakuna kantini. Anatambuliwa kwa korteji. Kuna wanaoitwa kila ndoa, na kuna wanaokwenda kuosha sahani.

Kwenye block yetu kulikuwa na msichana aliyeitwa kila ndoa, na kila mara aliwekwa mbele. Sitaki kutaja jina lake. Nitamwita msichana wa mbele. Tulikuwa wa umri mmoja. Yeye aliendelea na sekondari, mimi niliishia darasa la nane nikabaki na mama kwenye cherehani. Kwao walitoka Fizi, sisi Uvira, na kwa mali hawakutuzidi. Nyumba zetu zilikuwa za matofali yaleyale na tulichota maji kwenye bomba moja.

Nilichomwonea wivu ni kuitwa. Alipotoka kwao kwenda sokoni, jina lake lilimtangulia. Mmoja alimwita kutoka kwa fundi simu, mwingine kutoka kwenye kabaza yake, akisimamisha baiskeli ya abiria ili amsalimie, wanawake wa mihogo nao wakamwita wamwonyeshe mtoto. Alifika bombani na madumu yakasogezwa bila yeye kuomba. Alicheka, na hata ambao hawakusikia kilichomchekesha wakacheka. Mimi niliweza kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, na njia nzima jina langu likabaki mdomoni mwa mama tu.

Nilimtazama kama nilivyotazama filamu. Nilingoja ubaya wake. Shefu-bandi ana ubaya, na ubaya huo humsaidia sana anayeona wivu, maana anaweza kusema simpendi kwa sababu ni mbaya. Wa huyu sikuupata. Alimsalimia mama yangu kwa mikono miwili. Siku moja bombani alimtwika bibi mmoja ndoo akamsindikiza hadi kwake. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikuweza kumweleza mtu nimekasirikia nini.

Kisha dada yake mkubwa akachumbiwa. Bwana arusi alikuwa wa familia ya Bukavu iliyokaa Lilongwe, Area 23, watu wa kuuza nguo, na ndoa ingefanyika hukohuko mjini. Siku chache baadaye mama wa bibi arusi alikuja kwetu na kitenge kilichokunjwa, cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa. Alisali kanisa moja na mama yangu.

"Hii ni ya we na mutoto," alimwambia mama. "Mushone mbio, mama, siku hazingoji mutu."

Jioni nilikwenda bombani. Msichana wa mbele alikuwa pale na rafiki zake, na kila mmoja alikuwa amejitupia kitambaa begani, wakibishana kama mkono uwe mfupi au usiwepo kabisa. Kilikuwa cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa.

Katika ndoa zetu kila kundi lina kitambaa chake. Wamama wa kanisa wana chao, familia ina chao, korteji ina chao. Ukiona kitambaa umeshajua mtu ni wa wapi. Kwa hiyo sikuuliza. Nilirudi na dumu langu nusu tupu, maana maji mengi yalimwagika njiani kwa jinsi nilivyotembea, nikamwambia mama kwamba nimewekwa katika korteji.

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Bamekuita?"

"Kitambaa njo kuitwa, mama."

Aliniangalia. Nadhani alitaka kusema jambo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumweleza gauni, refu hadi chini, bega moja wazi, na kiuno kimebanwa, na mimi si mtu wa maneno mengi. Alivuta kitambaa akaanza kupima. Wateja wake wengine walingoja wiki ile. Gauni lilipokwisha nililivaa mbele ya kioo chetu, ambacho kilikuwa kidogo, nikajiona bega kwanza, kisha kiuno, kisha miguu. Nilijiona kipande kipande, na kila kipande kilikuwa kizuri.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa. Aliyefundisha alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi, aliyekuwa akifundisha korteji tangu Uvira. Sikuvaa gauni, lakini nilikuwa nimesuka nywele. Nilisimama mwisho wa mstari wa wasichana. Msichana wa mbele alikuwa mbele. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hilo pia nililichukua kama jibu.

Mwalimu akaeleza: mistari miwili itaelekeana, itasogea hatua nane, na kila msichana atapokea mkono wa aliye mbele yake. Muziki ukawekwa kutoka kwenye simu na spika. Tukaanza. Nilihesabu hatua zangu nikiangalia chini, na nilipoinua macho, nikiwa nimenyoosha mkono kama wengine, mbele yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na rundo la matofali ya kumalizia choo cha kanisa.

Filimbi ikalia.

"We mutoto wa mwisho," mwalimu alisema, si kwa ukali. "Nani alikuweka hapo?"

Nikasema nina kitambaa.

"Hata mama yangu iko na kitambaa," kijana mmoja akasema. "Akuye naye? Tumupatie kavalie?"

Wakacheka, si wote. Msichana wa mbele ndiye aliyewanyamazisha. "Muache," alisema. "Papa alipata rulo moja ya kitambaa ya bei ya chini, bakagawia bantu bote. Si kosa yake." Akaja hadi kwangu, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, niliichunguza nikaikuta ni ya kweli. "Pole sana, dada. We unakaaka block gani?"

Nilikuwa nikichota maji nyuma yake kwa miaka. Nilijua anavyokohoa. Nilijua kandambili zake za zamani na za sasa. Katika filamu zote nilizoziona, yule anayependwa anamjua yule anayemwonea wivu: anamchukia, anamtegea, anatuma walinzi wake wamwibie kiatu. Wakati wa mwisho wanasimama uso kwa uso kwa sababu tangu mwanzo walikuwa wawili. Kwetu alikuwepo yeye. Mimi sikuwa hata adui.

"Yenu," nilisema. "Ninakaaka block yenu."

Akaweka mkono mdomoni. Mwalimu akapuliza filimbi tena akasema mazoezi hayajawahi kukosa mtu asiyekuja, kwa hiyo mimi nibaki, nitaziba nafasi za wasiokuwepo. Nilibaki. Wengine wangeona ni moyo mgumu. Ukweli ni kwamba ili kuondoka ningelazimika kupita katikati ya ile mistari miwili.

Basi nikawa mziba nafasi. Kila Jumamosi alikosekana mtu. Mmoja alikuwa na malaria, mwingine na mtihani, mwingine amekwenda kulima kwa watu. Nilicheza mahali pa wote. Wavulana walinishika mkono kama unavyoshika kitu cha mwenzako, kwa uangalifu na bila kukitazama. Walizungumza na wenzao juu ya kichwa changu. Lakini hatua nilizishika. Nilijua nafasi ya pili inageuka mapema, nilijua ya tano inapita nyuma ya ya sita, nilizirudia nyumbani nikichekecha unga hadi mama akaniambia nitatoboa sakafu.

Jumamosi moja msichana wa mbele alikwenda Lilongwe na dada yake kuona ukumbi. Mwalimu akaninyooshea kidole, nikaenda mbele. Kavalie wake alikuwa yule kijana aliyesema hata mama yake ana kitambaa. Tulipomaliza mwalimu alisema, "Eh, huyu anajua," akaenda na filimbi yake kunywa maji. Kijana akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Unacheza muzuri," alisema. "Lakini hauchekake. Uko kama mutu wa kupima barabara."

Neno hilo nilikaa nalo wiki nzima. Nilijaribu kucheka mbele ya kioo kidogo, nikaona meno tu.

Ndoa ilipokaribia nikaanza kungoja filamu. Katika filamu, siku kama hizo mtu huvunjika mguu, na yule aliyezoea kusimama pembeni anaitwa. Sikuomba hivyo kwa Mungu. Lakini nilikuwa nikiuliza habari za malaria ya watu kwa makini kuliko kawaida.

Wiki hiyo nilimkuta mtafsiri peke yake nje ya chumba chake, anafuta vumbi kwenye spika. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza wale ambao hawakuingia kucheza kwenye ndoa ya masomo, wao huishia wapi.

"Bale gani?"

"Bale benye hawana kavalie."

Alifikiri. "Dada, filme ikiisha imeisha. Camera inafuata akteri." Akapuliza vumbi. "Na nikuambie kitu, usiseme kwa bantu. Kizungu yao bakisema mbio, mi siisikie yote. Minatunga. Bakicheka, minasema bamemutukana mutu. Akilia, minasema mama yake amekufa."

"Na ndoa ya masomo?"

"Ile sijui ni nini," alisema. "Bamevaa ya ndoa, bako nacheza ya ndoa, bibi arusi haonekane. We ungeiita nini?"

Sikuwa na jina lingine. Nilicheka, yeye akacheka, kisha akaingia ndani na spika yake. Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba wale wasichana wote wa mezani, niliojifunza kwao namna ya kuona wivu, labda walikuwa wakisema mambo mengine kabisa.

Siku ya ndoa tulifika Lilongwe asubuhi. Dereva alipotea, akatupitisha Capital Hill, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi ofisi za wizara zilikuwa kimya, madirisha mengi yamefungwa, majani yamekatwa sawasawa na hakuna mtu wa kuyakanyaga. Wasichana waliimba. Mimi niliangalia majani.

Ukumbi ulikuwa Area 49. Wote walikuja. Mwenye malaria alikuja amenona. Mwenye mtihani alikuja. Hakuna aliyevunjika kitu. Walipanga mistari nje ya mlango mkubwa, bluu na chungwa, na mwalimu akapita akinyoosha kola za wavulana. Aliponifikia mimi niliyesimama pembeni, alinivua sakoshi yangu, yaani mkoba wangu, begani, akaniwekea za wasichana wote, hii mkono wa kulia, hii wa kushoto. Nilikuwa na gauni langu la bega moja na sakoshi hadi kwenye viwiko.

Ndipo msichana wa mbele akatoka kwenye mstari akaja kwangu. Nilidhani anataka kitambaa cha kufuta jasho.

"Kisha ya kuzunguka," alinong'ona, "tunaanza na muguu gani?"

"Wa kushoto."

"Kushoto." Alinishika kifundo cha mkono, kiganja chake kilikuwa baridi na kimelowa. "Kila siku ninasahau. We njo unajua yote. Mi ninachekaka tu, bantu banafikiri ninajua."

Muziki ukaanza ndani. Aliniachilia, akarudi mahali pake, na kabla hajafika mlangoni uso wake ulikuwa umeshakuwa ule ninaoujua. Wakaingia wawili wawili. Bibi arusi na baba yake wakafuata, mlango ukafungwa, nikabaki na mlinzi wa ukumbi, mzee wa Kimalawi, aliyekuwa akifagia majani ya ua. Nilisogea apite. Akasema zikomo, yaani asante, akafagia alipokuwa mguu wangu.

Siku zote nilifikiri kwamba nikijua anaogopa, wivu utaisha. Haukuisha. Bado nilitaka kuwa ndani, bado nilitaka kuogopa mahali pake. Kilichoniishia ni ile hasira. Nilikuwa nimeubeba wivu kama vita kati ya watu wawili, na pale nje, na zile sakoshi, niliona kwamba nilikuwa na shida moja tu, ya kawaida kabisa: sikuwa na rafiki.

Nilizipeleka sakoshi kwenye chumba cha nyuma, nikaingia kwa mlango wa pembeni nikatafuta kiti. Mama yangu alikuwa mbali, na wamama wa kanisa. Palikuwa na nafasi kando ya bibi mmoja wa upande wa bwana arusi, mwanamke wa Bukavu mwenye kilemba cha kijani. Alinitazama gauni kutoka begani hadi chini.

"We si wa korteji? Benzako bako kule, we uko huku?"

"Hapana, mama. Kitambaa tu njo kinafanana."

Akakubali. Akaondoa mkoba wake kwenye kiti, nikakaa. Korteji ilikuwa imefika katikati ya ukumbi, ikizunguka. Niliona nafasi ya pili ikigeuka mapema. Niliona ya tano ikipita nyuma ya ya sita. Mzunguko ukaisha, na msichana wa mbele akaanza na mguu wa kushoto, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Ule wa mbele," bibi alisema, "ni mutoto ya nani?"

"Ni mudogo wa bibi arusi."

"Anacheza muzuri sana."

Watu walikuwa wakisema hivyo juu yake tangu tulipokuwa watoto, na siku zote nilinyamaza au nilitazama pembeni.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Anacheza muzuri."

Maneno yalitoka bila kuniumiza sana. Bibi aliinama akaangalia miguu yangu, ambayo chini ya kiti ilikuwa ikifuata muziki bila ruhusa yangu.

"Na we unacheza?"

"Ninacheza."

"Bado sijaona."

"Hapana, mama. Bado hamujaona."

Alicheka kwa sauti hadi mbele wakageuka. Kisha akavuta kiti chake kidogo, ili mtu aliyekaa mbele yetu asinizibe, na tukatazama hadi mwisho.